Alama ya Asali Yetu: Jinsi Tulivyojifunza Kuchora Nembo



Sisi tunaoandika makala hii tulisoma darasa la kisomo pamoja, huku wilayani Sikonge, mkoa wa Tabora. Baada ya kumaliza tulianzisha kikundi cha kufuga nyuki. Leo hatuandiki habari za nyuki. Tunataka kueleza kazi ya kuchora nembo, yaani ile alama inayowekwa kwenye chupa, mfuko au kibao cha duka ili mtu ajue mali hii ni ya nani. Vikundi vingi vya vijijini sasa vinapeleka vitu mjini: asali, unga, mafuta ya alizeti, sabuni. Wengi wanafikiri alama ni pambo tu. Sisi pia tulifikiri hivyo, na tulipata hasara.

TULIJUA ALAMA KABLA YA KUJUA KUSOMA

Hebu kumbukeni siku zile hatujui kusoma. Tulikuwa tunatumwa dukani na tunarudi na kitu kilekile tulichotumwa. Tulifanyaje? Tulitazama picha. Betri za Eveready tulizijua kwa paka mweusi anayeruka katikati ya tarakimu 9. Wenzetu wa Kenya wanaotaka unga wa Jogoo humtafuta jogoo kwenye pakiti. Mama anayezijua kanga huangalia kwenye ukingo wa nguo. Akiona K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla, anajua kanga hii inatoka kwa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Hata asiyejua herufi moja aliyaona maandishi yale kama picha, akayatambua.

Wazee wetu wanaukumbuka pia uchaguzi wa mwaka 1965, ule wa kwanza wa chama kimoja Tanzania. Katika majimbo mengi walisimama wagombea wawili wa ubunge, na wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Basi mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Iangalieni akili iliyotumika pale. Jembe na nyumba viko kila kijiji. Kila kimoja unaweza kukichora kwa mistari michache tu. Na hata karatasi ikiwa imekunjika, jembe halifanani na nyumba. Sisi tuliofundishwa kuchora nembo baadaye tumeona kwamba karibu kila kitu alichotufundisha fundi kilikuwa ndani ya karatasi ile ya kura.

Neno nembo lenyewe si geni. Zamani nembo zilikuwa chale zilizochanjwa usoni au mwilini, ili mtu ajulikane ni wa watu gani. Na neno chapa wafugaji wanalijua vizuri. Ng'ombe anapigwa chapa kwa chuma cha moto. Mfugaji mwenye akili hatengenezi chuma chenye vitundu vidogo vilivyofungwa, kwa sababu ngozi ikiungua, vitundu vinaungana na kuwa kovu moja. Wino kwenye gunia nao hufanya hivyohivyo. Lakini sisi hatukulifikiria jambo hilo mapema.

HASARA YETU

Tulipokamua asali ya kwanza ya kuuza, tulikaa chini ya mwembe kuchagua alama. Kila mtu alitaka chake kiwemo. Mmoja alitaka nyuki. Mwingine alitaka mti wa mninga. Mwenyekiti alitaka mikono miwili inayoshikana, kuonyesha ushirika. Mama mmoja alisema kazi ya kuchuja asali ni ya wanawake, kwa hiyo lazima awemo mwanamke mwenye ndoo. Likaongezwa jua. Likaongezwa jina la kikundi, maneno saba, pamoja na kijiji, kata na wilaya. Kijana wetu mmoja anayejua kuchora aliviweka vyote, na kwa kweli alichora vizuri. Tukapiga makofi. Tukachapisha lebo 500 za rangi nne.

Lebo ilikuwa na upana wa vidole vitatu. Ikiwa mkononi unaona kila kitu. Ikiwa kwenye rafu ya duka, na wewe umesimama nje ya kaunta, unaona doa la kijani na njano. Sokoni mteja mmoja aliinua chupa yetu akamuuliza mwenzetu, "Mama, hii dawa ya nzi mnauza bei gani?" Nyuki wetu alikuwa amekuwa nzi! Tulicheka siku ile, lakini kicheko hakikufika mbali.

Hasara kubwa ilikuja kimyakimya. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa akinunua asali yetu kwa wingi. Alikuwa anabandua lebo zetu na kubandika zake. Lebo yake ilikuwa rahisi, rangi moja, duara na herufi moja katikati. Wateja wakaisifu asali, wakamjua yeye. Msimu uliofuata alishusha bei ya kununua kwetu. Tulipokataa alisema tutafute mnunuzi mwingine. Tulikwenda mjini, duka hadi duka, tukisema sisi ndio wenye asali ile. Nani angetuamini? Hapakuwa na mteja hata mmoja aliyeweza kututaja. Misimu miwili ya kazi yetu ilikuwa imelijenga jina la mtu mwingine, na hakuwa ametuibia hata kijiko. Asali alikuwa ameinunua.

KWA FUNDI WA MABANGO

Hapo ndipo tulipowatuma wenzetu wawili kwa fundi mmoja wa mjini anayeandika vibao vya maduka na maandishi ya daladala. Alikubali kuwafundisha kwa ndoo moja ya asali na mikono yao kazini. Waliporudi walitufundisha sisi wengine. Kwa hiyo tunasema "fundi alitufundisha" ingawa wengine hatujawahi kumwona.

Wiki ya kwanza hakuwapa brashi. Aliwapa rula, penseli na magazeti ya zamani, akawaambia waandike neno TABORA kwa herufi kubwa mpaka likae sawa. Mtu aliyehitimu kisomo anaweza kuona hiyo ni dharau. Siyo. Andika neno hilo kwa kupima na rula, nafasi sawa kila mahali, kisha simama mbali. Utaona T na A zimeachana kama watu waliogombana, kwa sababu T imeacha uwazi chini ya mkono wake na A imeacha uwazi juu ya bega lake. Inabidi uzisogeze. Utaona tena kwamba O imekuwa ndogo kuliko jirani zake, ingawa umeichora kwa urefu uleule. Herufi ya mviringo lazima ivuke mstari kidogo juu na kidogo chini, ndipo jicho liione sawa. Fundi alisema rula inapima karatasi, lakini mnunuzi ananunua kwa macho.

Wiki ya pili waliambiwa wachore alama 30 za kikundi, kwa mkaa, haraka, bila kufuta. Michoro kumi ya kwanza ilikuwa ni vitu ambavyo kila mtu angechora. Kumi iliyofuata ilikuwa ya ovyo kabisa. Katika kumi ya mwisho, mtu akiwa amechoka na hana la kuiga, ndipo kilipoanza kutokea kitu. Mpaka sasa sisi tunaona hili ndilo somo gumu kuliko yote, kwa sababu mchoro wa kwanza hupendwa kama mtoto wa kwanza.

Wenzetu walimtetea nyuki. "Fundi, asali inatoka kwa nyuki, tutamwachaje?"

"Sawa, mama. Na asali ya jirani yenu inatoka kwa nani?"

"Kwa nyuki."

"Basi rafu nzima ina nyuki. Mteja atawajuaje ninyi?"

Aliwaambia alama haina kazi ya kueleza biashara. Maneno ya lebo yatasema hii ni asali. Alama ina kazi ya kusema hii ni asali ya fulani. Tulibishana sana juu ya jambo hili kijijini, na wengine walisema fundi anatupotosha. Baadaye tulisoma habari za alama za nchi nyingine tukaona hakukosea. Uingereza, tarehe 1 Januari 1876, daftari la kusajili alama lilipoanza, ya kwanza kuandikwa ilikuwa ya kiwanda cha bia cha Bass. Ilikuwa pembetatu nyekundu. Pembetatu hainywewi! Lakini mnywaji aliijua. Kampuni ya viatu ya Nike ya Marekani ina alama iliyochorwa mwaka 1971 na Carolyn Davidson, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Portland State. Ni mkunjo mmoja tu kama alama ya vema ya mwalimu. Alilipwa dola 35. Mwaka 1983 kampuni ilimpa pete na hisa. Mkunjo ule haukuwa na maana yoyote siku ile ulipochorwa. Maana uliipata miguuni mwa watu.

Na shirika la kuhifadhi wanyama la WWF, lilipoanzishwa mwaka 1961, lilichagua mnyama panda. Panda ana rangi nyeusi na nyeupe. Waanzilishi wake walitaka alama isiyo na gharama kubwa ya kuchapa, na mnyama huyu alikuwa na rangi za wino na karatasi tayari mwilini mwake. Sisi tuliolipia rangi nne tulipolisoma hilo tulitazamana.

MZINGA UNAONING'INIA

Katika michoro ile 30, wa 26 ulikuwa mzinga wa gogo unaoning'inia. Juu mstari mnene, ndio tawi. Chini yake kamba mbili fupi. Chini ya kamba, gogo lililolala, jeusi, lenye tundu moja jeupe la kuingilia nyuki. Mambo manne tu. Mti haukuwepo, mikono haikuwepo, mwanamke na ndoo hawakuwepo. Mama yule wa ndoo alinuna, nasi hatumlaumu. Alisema ushirika umefutwa. Tulimjibu kwamba ushirika hauonekani kwenye picha ya mikono, na hata wezi hushikana mikono. Hakucheka, lakini alipiga kura ya ndiyo.

Kisha alama ilijaribiwa, na majaribio haya kila kikundi kinaweza kuyafanya bila gharama. Kwanza ilichorwa ndogo, ukubwa wa kizibo cha soda. Kamba mbili zikapotea, basi zikanenepeshwa. Pili ilichorwa ukutani kwa mkaa. Hapo tulitumia daftari la hesabu lenye miraba. Mchoro mdogo unawekwa juu ya miraba, ukuta unagawanywa kwa miraba mikubwa yenye idadi ileile, halafu unachora mraba kwa mraba. Mtoto wa darasa la nne anaweza. Tatu, mtu alionyeshwa alama kwa muda wa pumzi moja, ikafichwa, akaambiwa aichore mchangani kwa kijiti. Watu tisa kati ya kumi walichora kitu kinachofanana nayo. Lebo yetu ya zamani hakuna aliyeweza kuichora, hata kijana aliyeibuni.

Tatizo lilitokea wakati wa kukata stensili. Ndoo zetu hatuzibandiki lebo, tunazipaka alama kwa rangi kupitia karatasi ngumu iliyokatwa. Ukikata gogo lote, lile tundu la katikati linadondoka pamoja nalo, maana halina mahali pa kushikia. Fundi wa stensili huacha daraja, kijipande chembamba cha karatasi kinachoshika kisiwa kisianguke. Tukaacha daraja, lakini alama ilionekana kama gogo lililopasuka. Fundi alifikiri, kisha akalisogeza tundu hadi ukingoni mwa gogo, likawa kama gogo limeng'atwa mara moja. Kisiwa kikaisha, daraja halikuhitajika tena. Na hilo pengo la kung'atwa ndilo watu wanalolikumbuka zaidi. Tungekuwa na fedha za kuchapa kila kitu kwa mashine tusingelipata kamwe.

Juu ya rangi tutasema machache. Alama ianze kwa rangi nyeusi peke yake. Ikikataa kukaa sawa kwa nyeusi, rangi hazitaiokoa. Baadaye chagua moja, au mbili, ukijua kwamba katika uchapaji wa wavu kila rangi ni kazi mpya na malipo mapya. Nyekundu za bei nafuu huchujuka haraka juani. Sisi tulichukua kahawia ya asali iliyokolea. Jina la kikundi tulilikata kutoka maneno saba hadi moja, herufi zilizosimama wima, bila mikia na mapambo, kwa sababu wateja wetu wengine ndio kwanza wanajifunza kusoma kama sisi tulivyokuwa.

Vijana wanatuuliza kwa nini tusitumie simu, maana kuna programu za kuchora, na picha za nyuki zimejaa humo bure. Simu ni chombo kizuri, nasi mwishoni alama yetu iliingizwa kwenye kompyuta. Lakini mwambieni anayeiingiza aichore kwa mistari, wasiipige picha tu. Picha imeundwa kwa nukta, ukiikuza hadi ukubwa wa ukuta inatawanyika kama mtama. Mchoro wa mistari unakua bila kuharibika. Na ile nyuki ya bure kwenye simu wamekwisha kuichukua watu wengi kabla yenu.

Ikiisha kukubaliwa, alama isiguswe. Tuna daftari moja kwa katibu lenye mchoro wa asili, kipimo cha unene wa tawi, na jina la rangi na duka tulikoinunua. Imeandikwa kwamba jina linakaa chini ya mzinga, haliwekwi pembeni, na haliingii ndani. Mwaka jana mwenzetu mmoja alimwongezea mzinga nyuki wawili kwenye kibao cha barabarani, eti pamependeza. Ilibidi apande tena na brashi avifute.

ALAMA ZISIZO ZETU NA ALAMA ILIYO YETU

Kuna alama ambazo mtu hawezi kujichukulia. Ngao ya taifa haitumiki kwa biashara bila kibali. Alama ya ubora ya TBS haichorwi na mwenye bidhaa, inatolewa na shirika baada ya kukagua. Msalaba mwekundu nao, tunaouona kwenye milango ya maduka ya dawa, haukuwekwa kwa ajili ya maduka. Ulikubaliwa katika Mkataba wa Geneva wa mwaka 1864, ni rangi za bendera ya Uswisi zilizogeuzwa, ili majeruhi wa vita na wanaowatibu wasipigwe risasi. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inakataza watu binafsi kuutumia.

Na iliyo yenu isajiliwe. Tanzania Bara kazi hiyo ni ya BRELA, kwa sheria ya mwaka 1986, na siku hizi maombi yanapelekwa kwa mtandao. Zanzibar ina ofisi yake, BPRA, na usajili wa Bara hauilindi alama yenu kule. Angalieni sana: kusajili jina la biashara si kusajili alama. Sisi tulikuwa na cheti cha jina tukadhani tumemaliza. Vitu vyote vimegawanywa katika madaraja 45, yaani 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, na alama inalindwa katika daraja mliloliombea. Asali iko daraja la 30. Mishumaa, ambayo tunaanza kuitengeneza kwa nta yetu, iko daraja la 4, kwa hiyo ni ombi jingine. Neno linalosifu bidhaa tu, kama Asali Tamu, linaweza kukataliwa, maana kila muuza asali ana haki ya kulisema. Ombi likipita hutangazwa, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Alama ikiandikwa, kinga yake ni miaka 7, kisha hurudishwa upya kwa miaka 10, na tena 10, mradi mnalipa.

Ombi letu limepelekwa na bado tunasubiri. Wakati huohuo, mwezi uliopita, mfanyabiashara yuleyule wa mjini alirudi. Alisema wateja wameanza kuuliza habari za mzinga ulioning'atwa. Alitaka ndoo kumi, zisizo na alama. Mwenyekiti wetu alimkaribisha kiti, akamwambia ndoo zipo, ila alama imepakwa ubavuni na kwenye mfuniko kwa rangi ya mafuta. Yule bwana aliikwaruza moja kwa ukucha. Akachukua nne.